Diski Yako Imekufa: Nani Aiguse?

Diski yenye picha za harusi, hesabu za duka za miaka mitano au tasnifu iliyobakiza sura moja ikiacha kusomeka, wengi wetu hufanya jambo lile lile: tunaizima na kuiwasha tena. Ikigoma, tunaichomeka kwenye kompyuta nyingine. Ikigoma na huko, inapelekwa kwa fundi wa karibu, naye anaiwasha, anaiachia programu iikague usiku kucha, na asubuhi anasema imekufa. Ikishapita mikono mitatu minne ya namna hiyo ndipo mwenyewe anaanza kuulizia wataalamu wa kurejesha data. Utaratibu huo uko kinyume kabisa. Diski mbovu huharibika zaidi kila inapopewa umeme, na mtu wa kwanza kuifungua ndiye mara nyingi anayeamua kama wa pili atakuwa na chochote cha kufanya.

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza umpe nani, jua kwanza imekufaje, maana mafundi hawa hawafanani, na wala magonjwa hayafanani.

Diski ya kawaida ya kuzunguka, yaani HDD, ndani yake ina sahani moja au zaidi zilizong'arishwa kama kioo, zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika. Juu ya kila uso wa sahani huelea kichwa kidogo cha kusoma na kuandika, na mwanya uliopo kati ya kichwa na sahani ni nanomita chache tu. Unywele mmoja wa binadamu una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita. Kichwa kikigusa sahani hukwangua utando mwembamba wa sumaku uliobeba data, na unga unaotoka hapo husambaa na kukwangua kwingine. Palipokwanguliwa hapana data tena, na hakuna mashine duniani itakayoisoma. Hii ndiyo sababu sauti ya kugonga, ile tiki-tiki-tiki inayojirudia kisha diski inatulia, ni amri ya kuchomoa waya papo hapo. Mara nyingi kichwa kimeharibika, na mkono unaokibeba unapiga huku na huko ukitafuta alama za kuanzia bila kuziona. Kila dakika unayoiacha iendelee ni dakika ambayo sahani zinaweza kuwa zinakwanguliwa.

Diski inayolia pii-pii kwa sauti ya chini bila kuzunguka kwa kawaida imekwama: ama vichwa vimeng'ang'ania sahani, ama mota haigeuki. Isiyotoa sauti yoyote wala kutetemeka huenda imeungua bodi yake ya saketi, tatizo la kawaida pale umeme uliokatika unaporudi kwa kishindo au mtu anapochomeka adapta isiyo yake. Kuna ile inayozunguka vizuri lakini kompyuta haiioni, au inaiona kwa jina la ajabu lenye ukubwa sifuri. Hapo mshukiwa wa kwanza ni fimwea, programu ya ndani inayoiendesha diski yenyewe. Na kuna inayoonekana, haitoi kelele, ila inaomba ifomatiwe au mafaili yamepotea. Huo mara nyingi ni uharibifu wa mpangilio wa mafaili tu, na ndio ugonjwa mwepesi kuliko yote, mradi mtu asikubali hiyo fomati na asiandike chochote juu yake.

Mfano wa fimwea unafundisha sana. Mwishoni mwa 2008 na mwanzoni mwa 2009, diski nyingi za Seagate za aina ya Barracuda 7200.11 zilianza kuzimika ghafla. Hazikugonga wala hazikunuka kuungua. Ziliwashwa asubuhi na kompyuta haikuziona. Kosa lilikuwa kwenye fimwea, iliyokuwa ikijifunga wakati wa kuwaka. Data yote ilikuwa salama kwenye sahani. Seagate ilitoa fimwea mpya na kujitolea kuwarejeshea data bure wateja walioathirika. Mtu mwenye ujuzi na vifaa aliifufua diski kama hiyo bila kugusa hata skrubu ya kifuniko. Mtu asiye na ujuzi aliyefungua kifuniko ili "acheki ndani" aliigeuza diski nzima kuwa diski mbovu kweli.

Hapa ndipo ilipo tofauti kubwa kati ya fundi wa kompyuta na mtaalamu wa kurejesha data, na naisema kwa heshima zote kwa mafundi wa Kariakoo ya Dar es Salaam na Luthuli Avenue ya Nairobi, ambao wengi wao wana mikono ya ajabu. Fundi wa kompyuta kazi yake ni kuifanya mashine itumike tena. Akikurudishia kompyuta inayowaka na Windows mpya, kwake kazi imeisha vizuri. Mtaalamu wa data hana haja diski iwe nzima; anataka isomeke mara moja tu, kwa utulivu, kisha hata ikifa ife. Kwa hiyo yale ambayo kwa wa kwanza ni matibabu, kwa wa pili ni sumu. Kuendesha CHKDSK, programu ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski, kwenye diski inayosuasua, kwa mfano, ni kuiruhusu programu iandike upya orodha za mafaili kwa kutegemea kile kidogo ilichofanikiwa kusoma. Mafaili ambayo yangepatikana yakiwa na majina na mafolda yake yanageuka vipande visivyojulikana vilitoka wapi.

Mtaalamu wa kweli unamjua kwa jambo moja kuliko yote: hafanyi kazi kwenye diski yako, anafanya kazi kwenye nakala yake. Hatua ya kwanza, baada ya uchunguzi, ni kunakili diski nzima sekta kwa sekta, yaani kijisehemu kwa kijisehemu, kwenda kwenye diski nyingine nzima. Kutafuta mafaili, kujenga upya mafolda na kufungua picha hufanyika baadaye, kwenye ile nakala.

Kunakili huko si kuburuta mafaili kutoka dirisha moja kwenda jingine. Windows ikikutana na sekta isiyosomeka inairudia na kuirudia, na kichwa kilichochoka kinasugua pale pale hadi kinakufa. Vifaa maalumu, kama PC-3000 ya ACE Laboratory kutoka Urusi au vile vya DeepSpar vya Kanada, huizuia diski isifanye hivyo. Fundi anaipa kila sekta muda mfupi. Isipojibu inarukwa na kuwekewa alama, na diski inaweza hata kukatiwa umeme na kuwashwa upya kabla haijajikwamisha. Sehemu rahisi huchukuliwa kwanza, ngumu baadaye. Diski yenye vichwa vinne ambayo kimoja ni dhaifu hunakiliwa kwa vichwa vitatu vizuri kwanza, hadi mwisho, ndipo kile kigonjwa kiguswe. Kwenye skrini ya mtaalamu kuna ramani ya sekta inayojaa rangi polepole, pengine kwa siku kadhaa, na mistari ya mapengo inayojirudia kwa vipimo sawa humwambia mara moja ni kichwa kipi kinachokataa. Anayekuonyesha ramani ya namna hiyo ya diski yako anajua anachokifanya.

Vichwa vikiwa vimekufa kabisa, inabidi vibadilishwe, na hapo ndipo lile neno "chumba safi" linapoingia. Kiwango kinachotajwa sana ni ISO 5, ambacho kwa zamani kiliitwa Class 100: katika mita moja ya ujazo ya hewa zisizidi chembe 3,520 zenye ukubwa wa nusu maikromita au zaidi. Si lazima kiwe chumba kizima chenye watu waliovaa kama madaktari wa upasuaji. Kabati zuri linalopuliza hewa iliyochujwa juu ya meza ya kazi linatosha kwa kazi nyingi, na picha nzuri ya chumba safi kwenye tangazo haithibitishi kwamba ni chao. Muhimu zaidi ni vipuri. Vichwa havinunuliwi dukani. Hutolewa kwenye diski nyingine nzima ya modeli ile ile, mara nyingi ya kiwanda kile kile na tarehe ya karibu, yenye mpangilio uleule wa vichwa. Muulize anayetaka kuifungua diski yako: diski ya vipuri unayo, au utaiagiza? Ni nani atakayeilipia, na nisipopata data bado nitailipia? Majibu ya hapo hapo, bila kubabaika, yana maana kubwa kuliko cheti cha ukutani.

Dhana moja imewaponza wengi: kwamba diski isiyowaka inatibiwa kwa kuchukua bodi ya diski nyingine ya aina hiyo na kuifunga. Kwa diski za miaka ya tisini iliwezekana mara nyingi. Za sasa hubeba kwenye bodi chipu ndogo yenye vipimo vya diski hiyo peke yake, vilivyowekwa kiwandani kulingana na vichwa vyake. Bodi ngeni isiyohamishiwa chipu hiyo, au yaliyomo ndani yake, haitaisoma. Kwa hiyo usitupe kamwe bodi ya zamani, hata ikiwa nyeusi kwa moto. Na ile ya kuweka diski kwenye friza, ambayo bado inapita kwenye makundi ya WhatsApp, iache: unyevu unaoganda kwenye sahani ni kifo kingine juu ya kifo.

Muonekano wa nje hauna maana sana kama watu wanavyodhani. Chombo cha anga Columbia kiliposambaratika tarehe 1 Februari 2003, mabaki yake yalianguka Marekani, na kati yake ilipatikana diski iliyoungua iliyokuwa na matokeo ya jaribio kuhusu gesi ya xenon. Kwa macho lilikuwa bonge la chuma lililoungua. Kampuni ya Kroll Ontrack ilisafisha sahani zake, ikazihamishia kwenye mwili mwingine, na ikasoma takriban asilimia 99 ya data. Matokeo ya jaribio yakachapishwa mwaka 2008. Sahani zilikuwa na mikwaruzo, ila bahati njema ilikuwa mahali ambapo hapakuwa na data. Diski iliyodondoka mezani kwako na kuendelea kuwashwa wiki nzima inaweza kuwa na hali mbaya kuliko hiyo. Iliyoingia maji ya mafuriko nayo usiianike juani wala kuiwasha ili ujaribu. Ipeleke ilivyo, upesi, ndani ya mfuko uliofungwa.

Kwa SSD, yaani diski zinazohifadhi data kwenye chipu, na kwa flashi mambo yanabadilika. Hazina sahani, hazigongi. Nyingi hufa kimya kwa kuharibika kwa chipu inayozisimamia. Baadhi hufunguliwa kwa vifaa vilevile vinavyozungumza na fimwea, lakini modeli ni nyingi na si zote zina njia. Lililo gumu zaidi ni mafaili yaliyofutwa. Kwenye SSD za kompyuta za kisasa, mfumo unapofuta faili huiambia SSD kwa amri inayoitwa TRIM kwamba nafasi ile haihitajiki, nayo huisafisha, pengine ndani ya muda mfupi sana. Mtu anayekuhakikishia kwamba atarudisha kilichofutwa mwezi uliopita kwenye SSD unayoitumia kila siku hasemi kweli. Vivyo hivyo kwa data iliyoandikiwa juu kwenye diski ya kuzunguka: hata mwongozo wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, kuhusu kusafisha diski unakubali kwamba kuandika juu mara moja kunatosha kwa diski za kisasa. Maji yakimwagika hayazoleki.

Flashi na kadi za kumbukumbu bandia ni balaa lingine ambalo masoko yetu yanalijua. Imeandikwa GB 512, ndani ina chipu ya GB 16, na kidhibiti kimedanganywa kiiambie kompyuta vinginevyo. Unanakili mafaili, majina yanaonekana yote, lakini kilichovuka uwezo halisi hakikuandikwa popote. Hapo hakuna cha kurejesha, na fundi mwaminifu atakuambia hivyo baada ya kuipima, bila kukutoza kazi ya siku tatu.

Kisha kuna usimbaji, yaani kuigeuza data isisomeke bila ufunguo, kufuli ambalo wengi hawajui kama wanalo. Kompyuta nyingi zenye Windows 11 huja na diski iliyosimbwa tayari, na ufunguo wa kuokolea wa BitLocker (mfumo wa usimbaji wa Windows), wenye tarakimu 48, huwa umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye mashine au kwa idara ya kompyuta ya ofisi. Utafute kabla hujatoka nyumbani; mtaalamu anaweza kusoma kila sekta na bila ufunguo huo asikupe hata picha moja. Baadhi ya diski za nje za WD (Western Digital) husimba data kupitia bodi yake ya USB bila mtumiaji kuweka nywila yoyote, kwa hiyo kuivunja kasha na kutupa ile bodi ni kutupa ufunguo. Na kwenye Mac zenye chipu ya T2, na zile za M1 zilizoanza 2020 na zilizofuata, data imefungwa kwa chipu iliyoko kwenye bodi yenyewe, hivyo anayehitajika ni fundi mahiri wa kufufua bodi.

Sasa pesa. Anayekutajia bei kamili kwenye simu kabla ya kuiona diski anapiga ramli. Utaratibu unaoeleweka ni uchunguzi kwanza, wa bure au kwa ada ndogo inayojulikana, kisha maelezo ya tatizo na bei moja iliyoandikwa, nawe uamue. Bei ifuate ugumu wa kazi. Fundi anayeuliza kwanza "data hizi zina thamani gani kwako?" anapima mfuko wako; kujua mafaili gani ni ya muhimu ni sawa, kwa sababu yatatafutwa kwanza, lakini swali hilo lisiwe ndilo linalopanga bei. Marekani na Ulaya kazi inayohitaji kufungua diski huanzia mamia ya dola na huvuka elfu, kwa sababu ya vifaa, diski za vipuri na saa za kazi. Ofa ya kufanya kazi hiyohiyo kwa bei ya chakula cha mchana imeacha kitu fulani nje, na kwa kawaida ni nakala na hewa safi.

"Hakuna data, hakuna malipo" ni sharti zuri, lakini soma maneno yake. Data maana yake nini? Mafaili laki moja ya mfumo wa Windows yaliyorudi bila folda yako ya kazi, je, hayo yamehesabiwa mafanikio? Mkataba mzuri unataja mafaili unayoyataka, na unakuruhusu uione orodha, na ikiwezekana ufungue baadhi yake, kabla ya kulipa. Majina pekee hayatoshi, kwani faili inaweza kuwa na jina na ukubwa sahihi huku ndani ni sifuri tupu. Fungua video katikati, fungua lahajedwali kubwa kuliko zote, fungua hifadhidata ya programu ya hesabu.

Uliza pia kama kazi inafanyika hapohapo. Si dhambi kwa duka la Dar es Salaam, Nairobi au Kampala kuipokea diski na kuipeleka maabara ya nje. Kwa tatizo fulani hiyo ndiyo njia bora. Tatizo ni kufichwa. Kama inasafiri, unapaswa kujua inakwenda wapi, nani anabeba hatari ya njiani, na kama mtu wa kati ataifungua kwanza "kuangalia". Ukiisafirisha mwenyewe, itie kwenye mfuko wa kuzuia umeme tuli, izungushie sponji nene pande zote, na iwe peke yake ndani ya boksi imara. Bahasha ya karatasi haifai.

Faragha isichukuliwe kuwa adabu tu. Anayerejesha diski yako anaona kila kitu: vitambulisho, picha za watoto, mikataba, meseji. Kwa zahanati, shule au SACCO, zile si data zake bali za watu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Taasisi haiondokewi na wajibu kwa kuwa tu imemkabidhi fundi diski, na kupeleka taarifa hizo nje ya nchi kuna masharti yake. Taka maandishi yanayosema nani atashika data, nakala itakaa siku ngapi, na itafutwa lini. Mtaalamu makini hashangazwi na ombi hilo.

Kama mafaili hayakupotea bali yamefungwa na virusi vya kudai fidia, kuwa mwangalifu maradufu. Mwaka 2019 ProPublica, chombo cha habari za uchunguzi cha Marekani, kilieleza jinsi kampuni mbili za huko zilizodai kuyafungua mafaili kwa teknolojia yao zilivyokuwa zikiwalipa wahalifu wenyewe kisha kumtoza mteja zaidi. Kabla ya kumlipa yeyote, angalia mradi wa No More Ransom, ulioanzishwa 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol na kampuni za usalama wa kompyuta, unaotoa funguo bure kwa virusi ambavyo vimekwisha kuvunjwa.

Je, kuna unachoweza kufanya mwenyewe? Kipo, kwa diski isiyogonga, isiyodondoka, inayoonekana kwa ukubwa wake sahihi. Programu huru ya ddrescue inanakili sehemu nzima kwanza na kurudia mbovu baadaye, na PhotoRec hutafuta picha kwenye nakala hiyo. Ukiona kasi inashuka hadi karibu na sifuri, au sauti inabadilika, simama. Kama data hizo hazina mbadala popote, mimi nisingejaribu hata hilo.

Na ikishindikana, dai diski yako irudi na kila kipande chake, bodi ya asili ikiwamo, pamoja na maelezo ya kilichoonekana. Kuna majibu mawili yanayotofautiana sana. "Sahani zimekwanguka" ni mwisho wa safari. "Sina vipuri" au "kifaa changu hakiijui modeli hii" si mwisho: watengenezaji wa vifaa hivi huongeza modeli mpya kila mara, na diski ya vipuri iliyokosekana mwaka huu inaweza kupatikana mwakani. Diski ya namna hiyo iandikie tarehe na tatizo lililotajwa, ihifadhi mahali pakavu, na asiiwashe mtu hadi atakapopatikana mwenye kipuri au kifaa kinachoijua.